Gari la Kiitalia kwenye Mteremko wa Panda

Nakumbuka jioni moja ya kiangazi, mwanangu, moshi wa kiwanda umelala juu ya mapaa na vumbi jekundu limetulia kidogo, niliposikia sauti iliyoniharibia masikio kwa maisha yangu yote. Nasema iliniharibia kwa sababu tangu jioni ile magari mengine yote nayasikia kama watu wenye kikohozi. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mwanafunzi wa umeme katika shule ya ufundi hapa hapa Likasi, na nilikuwa natembea kutoka mjini kurudi mtaani kwetu Panda pamoja na binti mmoja wa kwaya ya parokia, jina lake Philomène. Sauti ikaja kutoka nyuma yetu, juu ya mteremko. Tukasogea pembeni kwenye majani, na gari likatupita.

Lilikuwa gari la Kiitalia, jekundu, la viti viwili, halina paa, tena la chini sana, mtu aliyelipanda alionekana kama ameketi barabarani. Mwenyewe alikuwa mkandarasi wa majumba, Mwitalia, tulimwita Bwana Renzo. Kila jioni baada ya kazi alishuka nalo ule mteremko wa kwenda Panda. Hakuwa na shughuli yoyote Panda. Alishuka kwa ajili ya kushuka, akafika chini, akageuza, akapanda tena kwenda kwake kula. Watoto wa mtaani walilipa gari lile jina la Nyuki, kwa sababu lilianza na mvumo wa chini kabisa, kisha Bwana Renzo akibadili gia kwenye kona, mvumo ukapanda na kupanda mpaka ukausikia kifuani.

Najua unacheka. Wewe umezaliwa mji umeshajaa malori ya madini yanayotoka Kakanda na pikipiki za kubeba watu, na gari kwako ni kitu cha kukufikisha unakokwenda. Sisi tulikuwa watu wa miguu. Baba yangu alikwenda kiwandani kwa miguu, akarudi kwa miguu, na alipofaulu kununua baiskeli majirani walikuja kuitazama wakiwa wamevaa viatu vya Jumapili.

Basi jioni ile, mlio wa Nyuki ukiwa bado unafifia kule chini, nikamwambia Philomène kwamba siku moja nitanunua gari kama lile. Nitamketisha pembeni yangu, amefunga kitambaa kichwani kwa ajili ya upepo, na tutashuka mteremko huu huu watu wa Panda wote wakitutazama. Yeye aliangalia tu miguu yake iliyojaa vumbi, akatabasamu kidogo. Mimi nikaridhika, maana kijana akiahidi huona ameshatoa.

Kutoka siku ile nikawa na wimbo mmoja. Tukikutana baada ya mazoezi ya kwaya, gari. Nikimsindikiza kwao, gari. Nilimweleza viti vyake vitakuwa vya ngozi ya rangi gani. Nilimweleza mpaka harufu yake, mimi ambaye sikuwahi hata kuligusa kwa kidole. Nyumbani tuliishi na mama mzaa mama yangu, Kambo Sabina, maana bibi kwetu huitwa kambo, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye masikio makali kuliko yangu, na kwa bahati mbaya dirisha la chumba chake lilitazama pale tulipokuwa tunasimama kuagana. Siku moja Philomène alipokwisha kuondoka, Kambo akaniita. Alikuwa anapepeta unga wa mihogo, wala hakuinua macho.

"Weye Placide," akasema, "kila siku unapandisha ule mutoto mu motokari yenye hauna. Muteremushe. Atachoka kuikala mu maneno. Uko na kinga ya baba yako, haina vile? Basi, mupandishe ku kinga."

Kinga, kwetu Katanga, ni baiskeli. Nilikasirika, mwanangu, nilikasirika sana. Mimi nimeona Nyuki, na bibi kizee ananitajia kinga! Nikamjibu kwa heshima, maana kwetu kambo hajibiwi vinginevyo, lakini moyoni nilisema huyu amezeeka, haelewi. Hata hivyo maneno yake yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Hayakumezeka, hayakutemeka.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, nilimwomba baba baiskeli. Nikaisukuma mpaka juu ya mteremko, Philomène akitembea pembeni na kitabu chake cha nyimbo. Akaketi nyuma, kwenye chuma cha kubebea mizigo, miguu upande mmoja, akashika shati langu kwa mikono yote miwili. Breki za baiskeli ile zilikuwa za kumwomba Mungu. Tukaanza kushuka. Na mimi, kwa kiburi changu, sikuweza kuvumilia iwe baiskeli tu. Nikaanza kulia kama Nyuki kwa mdomo wangu. Nikaanza chini, nikabadili gia kwenye kona, nikapandisha na kupandisha mpaka pumzi ikaniishia, nikavuta nyingine nikaendelea. Philomène alicheka, paji la uso wake limenilalia mgongoni, na kicheko chake nilikisikia kwenye mifupa. Chini kabisa tulikosakosa kuingia mtaroni.

Tuliposhuka nilikuwa nimelowa jasho, nimefurahi, na papo hapo nikaona aibu ya kufurahia kitu kidogo hivyo. Nikamwambia hii baiskeli ni ya kungojea tu, gari lenyewe linakuja. Naye akanikung'uta vumbi begani, akasema twende, mama yake anangoja.

Haya. Dunia ikaenda mwendo wake. Bwana Renzo akaondoka nchini kama walivyoondoka wengi, na Nyuki akaondoka naye, au aliuzwa, sikujua kamwe. Mimi nikaajiriwa kiwandani, fundi wa umeme, kazi yangu kutunza mota kubwa za kusukuma maji. Mota nzuri ina sauti yake, na mota inayougua ina sauti yake. Nilikuwa naweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, na hapo naweza kukwambia kinachoumwa ni nini. Nilijivunia masikio hayo, na bado najivunia, ingawa utaona siku yaliponitoroka. Nikamwoa Philomène katika parokia ile ile aliyokuwa anaimba. Mtoto wa kwanza akaja, Odette, na wenzake wakamfuata. Ilikuja miaka mizuri, ikaja na miaka mibaya ambayo kiwanda kilinyamaza na mke wangu akatulisha kwa kukaanga mikate ya mafuta na kuiuza mbele ya nyumba. Sikumsikia akilalamika. Mimi nilikuwa nalalamika kwa niaba ya wote wawili, hiyo ndiyo hulka yangu.

Na hamu, mwanangu? Hamu haizeeki. Mifupa inazeeka, nywele zinaondoka, hamu inabaki na miaka kumi na minane. Kila nilipopita juu ya mteremko ule jioni nilisimama kidogo. Watu walidhani napumzika. Nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa namwona Bwana Renzo akifika kwenye kona, mkono wake ukishuka kubadili gia, na nilikuwa najiona mimi mahali pake, na pembeni yangu kitambaa kikipepea. Nimesimama pale nikiwa na watoto watano, nimesimama pale sina mshahara, nimesimama pale na fimbo.

Nilishakuwa mstaafu nilipousikia tena mlio ule. Nilikuwa natoka kununua dawa za magoti za Philomène, maana magoti yake yalikuwa yameanza kugoma, na mlio ukatokea nyuma ya ukuta wa nyumba moja mpya. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nikagonga geti. Mwenye nyumba alikuwa kijana mnunuzi wa madini, mtu wa Kamatanda, mwenye saa kubwa na adabu nzuri. Gari alilinunua ng'ambo ya mpaka, akalileta juu ya lori, na wiki ile ile likakwaruza tumbo kwenye mashimo yetu mpaka akakata tamaa. Aliniambia kwa upole kwamba kile ni kitu cha kutazama tu, tena kinakula mafuta. Nikamwomba alifungue.

Halikuwa Nyuki. Lilikuwa ndugu yake mdogo, la Kiitalia vile vile, viti viwili, lakini rangi yake ya kijivu kama sufuria. Paa lake la turubai lilikuwa limetafunwa na panya. Nilifunua zulia, nikakuta kutu imekula sakafu upande wa dereva. Nikaomba bisibisi, nikaiweka kwenye injini, nikainama na kusikiliza. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila, nami nilisikia ila zake zote, mnyororo umelegea, kuna vali inayogonga. Lakini chini ya hizo zote ulikuwapo ule mvumo wenyewe. Mwanangu, nilikuwa mzee mwenye wajukuu, nimeinama juu ya injini ya mtu nisiyemjua, na machozi yananitoka.

Fedha zilitoka wapi, usiniulize. Nilikuwa na shamba la mahindi njia ya Kambove, sasa sina. Odette alinipigia simu kutoka Lubumbashi akasema kwa bei ile ningepata gari la heshima la milango minne, lenye kiyoyozi, ambalo Mama angepanda kwenda hospitali kama watu. Alikuwa na haki. Lakini nani amewahi kumshinda mzee aliyekwisha kuamua? Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki changu kilikuwa kidonda kitupu.

Tulilisukuma mpaka uani. Philomène akatoka, ameshika mwimo wa mlango, akalitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama pembeni ya gari, mikono nyuma, kama siku nilipokwenda kwa wazazi wake kujitambulisha.

"Papa Odette," akasema, "kamotokari kako muzuri. Lakini kako chini. Na magoti yangu haikunjike tena."

Akacheka, akarudi ndani taratibu, akishika ukuta. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyetufundisha la kufanya anayetaka cha mvunguni akiwa amepoteza magoti. Nilibaki uani mpaka giza likaingia. Nilikuwa nimepata gari, na mtu niliyemwahidi hakuweza kuliingia.

Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa na siku yangu kichwani. Jubile yetu ya miaka hamsini ya ndoa ilikuwa inakaribia. Unajua desturi yetu hapa: baada ya Misa wenye jubile wanatembezwa mjini kwa msafara, magari yamefungwa utepe, taa zinawaka, honi zinalia, kila mtu atoke nje aone. Mimi nilitaka siku ile Philomène aketi pembeni yangu ndani ya gari la Kiitalia, na msafara upite mteremko wa Panda. Basi. Sikutaka kingine duniani. Na magoti yake yalikuwa yanazidi kuwa mabaya kila mwezi.

Fundi wangu alikuwa Bosco wa Kikula, mtu mzima mwenye mikono ya dhahabu na ulimi wa pilipili. Siku ya kwanza kabisa aliliona gari akasema tuliinue. Hapa kwetu kila gari linainuliwa, mwanangu. Linakuja kutoka kwa wenye barabara, likifika Likasi linapewa springi za lori dogo ili tumbo lipite juu ya mashimo. Mimi nilimfukuza. Nilimwambia gari hili likiinuliwa ni tusi, afadhali amwinue mama yake. Maneno hayo niliyameza baadaye, maana baada ya siku ile ya magoti nilirudi kwake nimeinamisha kichwa. Nikamwambia liinue. Akaniuliza kiasi gani. Nikamwambia mpaka kiti kifike hapa, nikamwonyesha kwa mkono urefu wa kiti cha jikoni cha Philomène.

Akafunga springi nene, akaweka vipande vya chuma juu yake, akajaza sponji kwenye kiti cha abiria. Aliponiletea nililia tena, safari hii kwa uchungu. Lilikuwa limesimama kama mbuzi juu ya mawe. Lakini Philomène aliweza. Aliligeuzia mgongo, akaketi kwanza, kisha mimi nikanyanyua mguu mmoja nikauingiza, nikanyanyua na wa pili. Alipotulia akapapasa dashibodi kwa kiganja.

"Umeharibisha motokari juu yangu?" akaniuliza, yaani kwa ajili yake.

Nikamwambia lilikuwa limeharibika tangu zamani.

Siku ya jubile ikafika, jua kali, mijakaranda ya mjini imemwaga maua yake barabarani. Padri alitubariki, akabariki pete, kisha akatoka nje na maji ya baraka akalinyunyizia na gari, kwa sababu kwetu gari lisilonyunyiziwa haliendi mbali. Paa tulikuwa tumeliondoa. Philomène alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani. Sikumwomba akifunge. Aliketi, nikamwingizia miguu, nikazunguka upande wangu, nikawasha. Mvumo ukaja, wa chini kabisa. Mwanangu, kama Mungu angeniita dakika ile nisingembishia.

Lakini msafara wa kwetu ni msafara wa picha. Mbele yetu lilikuwa lori dogo, na nyuma yake ameketi mpiga video anayetutazama, na kila mara anapunga mkono: polepole, polepole. Nyuma yetu watoto wetu, wakwe, teksi, pikipiki, honi. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea na mtoto, mjini kote, mtaa baada ya mtaa. Gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya upepo. Ukilitembeza kama jeneza linajipika lenyewe. Linayo feni ya kulipoza, na feni ile ilikuwa imekufa, na mimi, fundi wa masikio, mimi wa bisibisi, sikuusikia ukimya wake kwa sababu ya honi na vigelegele. Nilikuwa natabasamu kwa video.

Mvuke ulianza tukifika juu ya mteremko. Kwanza kamba nyembamba, kisha wingu. Injini ikagonga mara kadhaa, ikanyamaza. Palepale, mwanangu, pale pale niliposimama na fimbo. Honi zikazidi nyuma, kisha zikapungua, watu wakaanza kushuka. Odette akaja mbio na viatu vyake virefu, akasema Mama ahamie kwenye gari lake, lenye kiyoyozi, msafara uendelee. Bosco alikuwa ameshafungua boneti, anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili na sikuweza kuuachia. Niliona aibu mbele ya watoto wangu. Niliona uchungu zaidi ya aibu. Karibu maisha yote nimengoja mahali hapa, na nimefika mahali hapa na chuma kilichokufa na mwanamke ambaye hata kutoka garini hawezi bila mimi.

Philomène akamwambia Odette apishe njia. Akamwambia Bosco afunge boneti. Kisha akaniita kwa jina langu, ambalo kwa kawaida halitaji, kwani tangu Odette azaliwe mimi kwake ni Papa Odette.

"Placide. Achilia frein."

"Motere imekufa," nikamjibu.

"Minye sikuulize motere. Achilia frein."

Nikaachia breki. Gari likasita, kisha likaanza kujongea lenyewe. Mpiga video akaona tunamjia, akapiga kelele kwa dereva wake, lori likakimbia mbele na kutoweka. Tukabaki na barabara. Hapakuwa na mlio wowote, ila changarawe chini ya matairi na upepo unaoanza kupita masikioni. Mimi natazama mbele, machozi yananizuia kuona vizuri.

Tulipokaribia kona nikasikia mvumo.

Nilidhani injini imefufuka. Nikatazama dashibodi, mishale yote imelala. Nikageuka. Philomène amefumba macho, kitambaa kinapepea, na mdomo wake umebana. Alikuwa analia kama Nyuki. Alianza chini kabisa, na kwenye kona akabadili gia, mahali pale pale nilipobadilia mimi, akapandisha, akapandisha, sauti ya mwanakwaya mzee, pumzi ikamwishia, akavuta nyingine akaendelea. Watu wa Panda walikuwa wametoka milangoni na hawakujua washangilie au wakimbie kutuokoa. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, na gari la springi za lori likayumba kama mlevi mpaka chini, karibu na mtaro ule ule, nikalisimamisha.

Tukatulia pale. Honi zilikuwa mbali, juu. Alipopata pumzi alinikung'uta begani, ingawa hapakuwa na vumbi.

"Ile siku ya kinga ulisema ni ya kungojea," akasema. "Minye sikungojaka kintu, Placide. Ile siku njo nilipandaka motokari."

Miaka yote ile nimelala na kuamka pembeni ya mtu aliyekwisha kufika, na mimi nilikuwa bado nimesimama barabarani nangoja gari.

Sasa nisikilize, mwanangu, jungu kuu halikosi ukoko. Sikwambii usitamani. Asiyetamani kitu ni mtu aliyepoa. Tamani gari, nalo ukiweza linunue, hata ukiwa mzee mwenye fimbo. Funua zulia utazame kutu, na hakikisha feni inazunguka. Lakini usiwahi kumwambia mtu kwamba mnachokula pamoja leo ni cha kungojea tu. Huenda yeye ameshiba, na wewe unamfundisha kwamba chakula kile hakikuwa chakula. Ukimwahidi mtu jambo kubwa, usingoje miaka hamsini. Muulize kila mara kama hajalipata tayari kwa njia usiyoijua. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Nami naongeza kwamba hata msala huo ukiupata siku moja, utausikia ukikunong'oneza habari za mbacha. Kambo Sabina alijua. Aliniambia nimteremshe kwenye maneno nimpandishe kwenye kinga, nikafanya, kisha nikakidharau nilichofanya.

Gari bado liko uani. Bosco aliweka feni mpya na akaniuliza kama nataka alishushe lirudi kama lilivyokuwa. Nikamwambia aliache vile vile. Siku hizi magoti ya Philomène hayamruhusu hata kiti kile cha sponji, anashinda karibu na dirisha. Jioni nyingine namwashia injini, asikie. Nami nikiusikia mvumo ule simwoni tena Bwana Renzo. Namwona kijana mmoja amelowa jasho, amesimama chini ya mteremko na baiskeli ya baba yake, kila kitu anacho, naye hajui. Ningetoa gari hili na shamba juu yake nikamshike bega kidogo tu.

Basi nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akupe hamu ndefu na macho ya kuona kilicho pembeni yako. Akupe mteremko wako, na breki zenye huruma, na mtu wa kushika shati lako. Na siku injini itakaponyamaza, maana itanyamaza, awepo pembeni yako anayeukumbuka wimbo.